Beki Aliyezoea Kuachwa

Kicheko kilianzia mwisho wa kibaraza, kwa fundi wa kwanza, kikawa kinasogea. Marsiana alikisikia kinakuja cherehani moja baada ya nyingine, lakini hakuinua kichwa. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, mwaka 1994, mpunga mpya umeingia mjini, na soko la Ifakara limejaa mpaka mtu anapita kwa ubavu. Kila aliyeuza gunia alikuwa amekumbuka kwamba mtoto wake hana sare. Marsiana alikuwa na sare tisa za kumaliza, pini nne mdomoni, na tepu ya kupimia shingoni.

"Shikamoo," sauti ya mwanaume ilisema mbele ya meza yake.

Akainua macho. Mzungu mrefu, bega moja limelala kuliko jingine, kaptula ya kaki, soksi ndefu, nywele zimeanza mvi masikioni. Mikononi alikuwa amebeba mpira uliopasuka, kama mtu aliyebeba kuku mgonjwa. Umri wake ulipita arobaini kwa mbali kidogo. Marsiana alikuwa na thelathini na tatu.

Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa gauni lake la kitenge cha bluu.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama."

Kibaraza kizima kikaangua kicheko. Merina, aliyekaa naye meza kwa meza, alilalia cherehani yake akicheka. "Marsiana! Ulimzaa lini huyu, na hukutuambia tulete uji?"

Mzungu naye alicheka, ingawa ilionekana hajui anachekea nini. Akasogeza mpira. "Huyu anaumwa. Unaweza kushona?"

"Mimi nashona nguo. Mpira peleka kwa fundi viatu."

"Fundi viatu uzi umekwisha. Amesema niulize kwa mafundi nguo. Nimeanza pale." Akaonyesha mwisho wa kibaraza. "Wewe ni wa saba."

"Na hao sita?"

"Wamekataa."

"Na mimi nikikataa?"

Mzungu akatazama mbele. "Kuna mama mwingine pale, mwenye miwani."

Marsiana akaupokea ule mpira. Hakuwa na sindano ya kazi hiyo, akaazima ya kushonea magunia, akakaa nao mpaka jua likahamia upande wa pili wa kibaraza. Mzungu alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa akimshikia, magoti yamefika kifuani. Ndivyo walivyoanza.

Jina lake Derek Hollis. Mtaani Mlabani walimwita Kocha Dereki. Shirika moja la kwao lilikuwa limemleta kufundisha mpira kwa vijana, na pamoja naye ikaja mipira kumi na miwili. Iliyofika uwanjani ilikuwa minne. Mingine ilibaki ofisini kwa Bwana Obadia, mwenyekiti wa mpira, kwenye kabati la vioo, ili wageni wakija waione. Mpira unaochezwa unachakaa, alisema Bwana Obadia, na uliochakaa hauwezi kuonyeshwa. Ndivyo wakubwa wanavyotunza vitu vya watu.

Baada ya ule mpira ukaja mwingine, na usipokuwepo mpira ikaja kaptula yenye kifungo kilichokatika. Kibaraza kilijua vile vifungo vinakatwa kwa wembe.

"Mwanao amekuja," Merina alikuwa akitangaza kila jioni. "Mama, mtoto ana njaa!"

Marsiana alikuwa akimsogezea ile ndoo. "Umekula, mwanangu?"

"Nimekula, fundi."

"Nini?"

"Mkate."

"Mkate si kula."

Akamfungulia sahani ya wali na kipande cha samaki, kitoga aliyekaushwa kwa moshi. Kocha alikula kwa mkono, taratibu, kama anafanya mtihani. Alipomaliza Marsiana akamuuliza kwa nini mtu mzima wa umri wake hana mke wala mtoto. Alimuuliza bila kuzunguka, kwa sababu kama ana mke kwao ilikuwa afadhali ajue mapema.

"Timu kumi na moja," Kocha alisema. "Miaka kumi na saba. Hakuna mji niliokaa zaidi ya misimu miwili. Nani angenisubiri?"

"Timu zipi?"

"Hujapata kuzisikia hata moja. Watu wa huko wenyewe hawajazisikia."

Akamsimulia kwa vipande, jioni kwa jioni, na Marsiana alikuwa akiunganisha kama anavyounganisha vitambaa. Alianza na miaka kumi na sita, kwenye mji wa machimbo ya makaa. Kazi yake ya kwanza haikuwa kucheza, ilikuwa kupiga brashi viatu vya wachezaji wakubwa.

"Hata huko wakubwa wapo?"

"Wapo kila mahali, Marsiana."

Halafu akawa beki wa kati wa daraja la nne. Uwanja tope tupu, watazamaji elfu mbili, na wazee wa kofia wanaomtukana mtu kwa jina la baba yake. Hakuwa na mbio. Alijua kuruka na alijua kuumia. Magoli matatu maisha yake yote, na moja la hayo alijifunga mwenyewe, ndilo wanalomkumbukia.

"Na kila mwezi wa tano," alisema, "msimu ukiisha, inakuja bahasha. 'Tunakushukuru kwa mchango wako. Hatutakuhitaji msimu ujao.' Kila timu maneno ni yaleyale. Nadhani wanaazimana."

"Unafanya nini?"

"Unampa meneja mkono. Unachukua viatu vyako. Unapanda treni."

"Huulizi kwa nini?"

"Anayeuliza anaitwa msumbufu. Msumbufu hapati timu nyingine."

Marsiana alisimamisha cherehani. "Mara kumi na moja hujauliza?"

"Hata moja."

Goti lilipokufa, timu ya mwisho ikampa watoto wa miaka kumi na minne awafundishe. Huko ndiko alikogundua kwamba alichokuwa nacho siku zote ni kufundisha. Lakini mwezi wa tano ulipofika, meneja akamwekea mezani bahasha kumi na tisa. Awape wale watoto. Akawapa, mmoja mmoja, na wote wakampa mkono kama alivyokuwa amewafundisha. Wiki ileile akaenda kujiandikisha kwa watu wanaopeleka wafanyakazi wa kujitolea Afrika.

Kwa hiyo Mlabani hakuacha mtoto hata mmoja. Alikuwa na vijana thelathini na wanne na jezi kumi na moja. Waliotoka uwanjani walivua, walioingia walivaa zikiwa na jasho la wenzao.

"Nishonee jezi thelathini na nne," alimwambia Marsiana. "Nitaleta kitambaa."

"Rangi gani?"

"Kama gauni lako lile la siku ya kwanza."

Merina akaguna mezani kwake. "Huyu mtoto sasa anakua vibaya."

Mwezi wa kumi na mbili, mvua za kwanza, walikuwa wakisukuma baiskeli zao kwenye tope la kurudi Mlabani, na kila aliyewapita alipiga kengele mara mbili. Kocha akasimama katikati ya dimbwi.

"Marsiana, nataka kukuoa."

"Usiniambie mimi."

"Nimwambie nani?"

"Baba. Na huendi mwenyewe, usije ukanitia aibu. Unatafuta mshenga, unaandika barua, unamwachia mwenyewe."

"Na wewe unasemaje?"

Marsiana alisukuma baiskeli yake hatua tatu mbele. "Ningekuwa sitaki ningekuacha ule mkate wako na chai," alisema bila kugeuka.

Mshenga akapatikana Dionisi, fundi baiskeli, mtu mfupi mwenye maneno mengi. Sasa kwa akina mzee Valeriani, baba yake Marsiana, ukoo wao uliotoka kandokando ya mto, kuna utaratibu. Barua ya kwanza ya posa hurudi. Haifunguliwi, haisomwi. Inashikwa kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai, kisha anarudishiwa mshenga. Ya pili ndiyo inayofunguliwa, nayo inakuja na jembe lisilo na mpini. Baba akikubali, mpini anautia mwenyewe. Binti ambaye barua yake ya kwanza ilifunguliwa hutaniwa mpaka uzeeni kwamba kwao walikuwa wanatafuta pa kumtupa. Na tangu barua ya kwanza itoke mpaka ya pili ifike, binti na mchumba hawaonani.

Jambo hili Ifakara kila aliyekaa na watu wa ukoo ule alilijua. Marsiana alidhani Dionisi amemwambia Kocha. Dionisi alidhani Marsiana amemwambia. Nani angewaza kulisema? Ni kama kumwambia mtu kwamba wali huivishwa kabla ya kuliwa.

Barua ya kwanza ilipelekwa Jumapili ya pili ya Februari. Mzee Valeriani akaishika, akanywa chai, akairudisha. Alikuwa mtu wa maneno machache tangu mkewe alipofia njiani kwenda kutibiwa, mwaka ule mvua ilipokata barabara na wakubwa wakasema fungu la kuitengeneza halijaja. Fungu lilikuja mwaka uliofuata, la kujengea jukwaa la mkutano. Tangu hapo mtu yeyote aliyefika kwake kwa gari alimsalimia akiwa amekaa.

Marsiana alikuwa jikoni, akisikiliza ukutani. Alisikia bahasha ikirudishwa, akatabasamu, akaongeza kuni.

Akangoja siku mbili. Akangoja nne. Wiki ikaisha, na kibaraza kikaanza kunyamaza anapofika, dalili mbaya kuliko kicheko.

"Semeni," aliwaambia.

Merina ndiye aliyesema. "Mwenzangu, Kocha alionekana Jumatatu ileile anapanda basi. Begi mgongoni, viatu vya mpira amevifunga kamba shingoni. Nilidhani unajua."

Marsiana akakaa. Aliingiza uzi kwenye tundu la sindano, ukatoka, akauingiza tena. Miaka sita nyuma kulikuwa na bwana kilimo aliyekuwa akija kibarazani hivyohivyo, akila hivyohivyo. Wakubwa wakamhamisha, akasema atarudi mwezi wa pili. Hakusema mwezi wa pili wa mwaka gani.

Nyumbani baba yake alikuwa ameshasikia. "Wanaokuja na mradi wanaondoka na mradi," mzee Valeriani alisema. "Ulitaka aache nini hapa? Mpunga?"

"Baba, sijasema kitu."

"Ndiyo maana nasema mimi."

Alishona zile jezi zote. Ishirini na sita zilikuwa tayari; nane zilizobaki alizimalizia kwa siku tatu bila kuzungumza na mtu, na Merina akaacha kutania. Kisha akazifunga kwenye khanga, akaziweka nyuma ya baiskeli, akazipeleka ofisini kwa mwenyekiti, maana ufunguo wa stoo alikuwa nao yeye.

Bwana Obadia alikuwa mezani katika suti ya Kaunda ya rangi ya udongo, anaandika orodha ya watakaokaa jukwaa kuu siku ya kumpokea mheshimiwa fulani. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, waheshimiwa walikuwa wengi.

"Shikamoo, mwenyekiti. Nimeleta jezi."

"Marahaba, dada. Weka hapo chini. Tutazigawa mheshimiwa akiwepo."

"Vijana wanacheza Jumamosi hii."

"Wacheze. Jezi ni za mheshimiwa kugawa."

Marsiana aliinama kuweka mzigo, na macho yake yakaangukia ile karatasi anayoiandika. Haikuwa karatasi. Ilikuwa bahasha ya kaki, na upande wa chini, iliponyanyuka kidogo, kulikuwa na jina lake, kwa mwandiko ulioinamia kushoto.

"Mwenyekiti, hiyo ni yangu."

Bwana Obadia akaigeuza, akaitazama kama anaiona mara ya kwanza. "Aa, hii. Yule mzungu aliiacha na funguo. Nilikuwa nitakuletea." Hakuwa na ubaya wowote, na aliisema kwa upole. Barua ya mtu mdogo ikifika kwenye meza ya mkubwa huwa inageuka kuwa karatasi, basi. "Ngoja ninakili majina kwanza."

"Nakili kichwani," Marsiana alisema, akaichukua.

Aliisomea nje, ameegemea baiskeli.

*Marsiana, baba yako amekataa. Sitaki kukuletea matatizo, wala sitauliza kwa nini. Asante kwa kila kitu. Ndege yangu ni Jumanne tarehe 7 Machi. Jezi zikiisha piga namba hii ya hosteli Dar es Salaam, watu wa shirika watakuja kuzichukua. Mwanao, D.*

Alisoma mara mbili. Mara ya kwanza alicheka, peke yake, mpaka mwuza karanga akageuka. Mara ya pili hasira zikampanda mpaka masikio yakawaka. Akarukia baiskeli.

Dionisi alikuwa ameipindua baiskeli ya mtu chini ya banda lake, anatafuta pancha kwenye karai la maji.

"Dionisi! Ulimwambia nini Kocha siku ile?"

"Siku ipi? Nilifanya kazi ya mshenga. Nilifika na uso wa msiba kama inavyotakiwa, nikamkabidhi bahasha. Nikasema, 'Imerudi.'"

"Na yeye?"

"Akasema, 'Asante, Dionisi, umejitahidi.' Akanipa mkono." Dionisi akaukumbuka ule mkono, na tyubu ikamponyoka ndani ya karai. "Nilishangaa kidogo. Nikasema labda wazungu ndivyo wanavyoenda kununua jembe."

"Hukumwambia kuna ya pili?"

"Mimi? Wewe si ndiye mchumba wake?"

Wakatazamana.

"Dionisi, leo tarehe ngapi?"

"Tatu. Ijumaa. Posta wanafunga saa kumi."

Posta kulikuwa na foleni mpaka nje. Getrude, aliyeshughulikia simu, alivaa sweta la kijani juu ya gauni jeupe na kalamu imechomekwa kwenye nywele. Aliandika namba, akazungusha, akapiga kelele, akangoja, akazungusha tena. Watu wote walinyamaza. Simu ya Dar es Salaam ilikuwa ya kila mtu.

"Dar! Dar, Ifakara hapa! Nipe hiyo hosteli... Mwite! Ndiyo, huyohuyo mrefu!" Akamgeukia Marsiana. "Ingia kibandani. Dakika tatu."

Mlango wa kibanda ulikuwa haufungi, tangu lini hakuna anayejua.

"Hallo?" Sauti ilitoka mbali, kama mtu aliye ndani ya pipa.

"Mwanangu."

"Marsiana? Simu hii mbaya, sikusikii vizuri."

"Simu ni nzima, mbaya ni wewe. Barua iliporudi ulifanya nini?"

"Niliondoka. Baba yako amekataa. Nimemheshimu."

"Uliiangalia ile bahasha? Ilifunguliwa?"

"Hapana. Hata kusoma hakutaka."

"Haisomwi! Ya kwanza haisomwi kwetu, Dereki! Ya kwanza hurudi! Marehemu mama yangu ilirudi, bibi yangu ilirudi, kila mwanamke wa ukoo wetu ilirudi! Tunangoja ya pili!"

"Kuna ya pili?"

"Kuna ya pili na jembe."

"Na nini?"

"Jembe!"

"Jembe!" foleni ikaitikia, kumsaidia.

"Hakuna aliyeniambia."

"Hukuuliza! Ungeuliza hata Merina angekwambia, hata kuku wa sokoni wangekwambia. Nisikilize. Kwa ajili ya mpira uliopasuka ulikataliwa na mafundi sita, ukaja wa saba, na kama ningekataa ulikuwa unaenda kwa mwenye miwani. Kwa ajili yangu mara moja tu, ukapanda basi. Mpira una nini ambacho mimi sina?"

Getrude aliinua kidole kimoja: dakika moja.

"Ule mpira ulikuwa wa watoto," Kocha alisema mwishowe. Sauti ilikuwa imeshuka. "Kwa ajili ya watoto naweza kuomba mpaka kesho. Kwa ajili yangu sijawahi. Sijui inavyofanywa."

Marsiana alitazama ukuta wa kibanda. Mtu alikuwa amechora pale moyo na mshale kwa kalamu ya wino, na mwingine akaandika chini yake bei ya mchele.

"Sasa jifunze," alisema. "Mimi sitakuombea. Nilishawahi kumngoja mtu mmoja, na huyo alinitosha."

"Muda umekwisha," Getrude alisema. "Niongeze?"

"Ongeza!" foleni ikapiga kelele.

"Usiongeze," Marsiana akasema, akaweka simu.

Jumamosi ikapita. Vijana wa Mlabani walicheza na jezi kumi na moja za zamani, wakifungwa mbili, wakivuliana pembeni. Jumapili ikapita. Jumatatu mvua ilianguka kutwa nzima, na habari zikaja kwamba magari yamenasa kwenye tope baada ya Mkula, njia ya kutoka Dar es Salaam. Jumanne ilikuwa siku ya ndege. Jioni Marsiana alitazama juu mara moja, ingawa alijua ndege za kwenda Uingereza hazipiti Ifakara, akakasirika kwa kutazama. Merina alimletea andazi bila neno.

Jumatano alikwenda shamba na baba yake. Palizi ilikuwa imekaba, majani yamefika sawa na mpunga, na mzee Valeriani hakuwa mtu wa kungoja mioyo ya watu itulie. Walikuwa wameinama tangu asubuhi, maji yamefika katikati ya miundi, Marsiana amefunga khanga kiunoni na kilemba cha shati kuukuu, wakati alipomsikia Dionisi anapiga hodi kwenye tuta.

"Hodi wenyewe! Hodi shambani!"

Nyuma yake kwa hatua kumi, kama inavyotakiwa, alisimama Kocha Dereki. Alikuwa wa rangi ya njia: tope mpaka kwenye mkanda, tope masikioni, viatu vya mpira shingoni. Tangu Mkula alikuwa ametembea, na pale watu walipolala akalala.

Dionisi aliinua juu kitu kilichofungwa kwenye gazeti. "Nimekuja na neno lililokamilika. Jembe hili amelinunua Mkula. Alilinunua na mpini wake, mjinga huyu, nimeugonga nikautoa." Akaisafisha sauti, akafungua bahasha, akaisoma barua kwa sauti ya kanisani mpaka mwisho. Ilikuwa fupi. Mtu anaomba, amekosea kuondoka, anaomba tena.

Mzee Valeriani hakunyooka mgongo. Aling'oa shina la majani, akalitupa juu ya tuta.

"Hapana," alisema.

Dionisi akafungua mdomo. Hili halikuwemo kwenye utaratibu. Ya pili inafunguliwa, inajadiliwa, mahari inavutwa huku na huku, lakini hapana haisemwi hivi, kavu, mtu ameinama. Akamtazama Marsiana. Marsiana naye hakujua. Alijua tu kwamba akimsemea Kocha neno moja pale, atakuwa anamsemea maisha yote.

Akamtazama Kocha. Akauona mkono wake wa kulia ukiinuka kutoka pajani, taratibu, vidole vimenyooka. Mkono uleule. Ulikuwa unakwenda kwa mzee kumshukuru. Nyuma yake njia ilikuwa wazi, na mbali kule lori lililokwamuka lilikuwa likinguruma kuelekea mjini.

Mkono ukasimama hewani. Ukaning'inia hapo kiasi cha mtu kumeza mate mara mbili.

"Kwa nini?" Kocha aliuliza.

Mzee Valeriani akanyooka, akajipigapiga kiuno, akamtazama mara ya kwanza. "Mlishakuja wengi. Siku mkiitwa kwenu mnaitika."

"Nimeitwa jana," Kocha alisema. "Sikuitika."

"Hapana yangu ipo palepale."

"Sawa, baba."

Hakupeana naye mkono. Alivua viatu shingoni, akavitundika kwenye kijiti cha kufukuzia ndege. Akakunja suruali, ingawa tope lilikuwa limeshafika juu kuliko mkunjo. Akashuka kwenye maji, akachukua mstari uliokuwa pembeni ya mzee, akainama kwa goti lake bovu, akaanza kung'oa. Aling'oa kwa bidii, kwa mikono yote miwili, akitupa nyuma. Dionisi alibaki juu ya tuta na jembe lake kama mtu aliyesahauliwa na basi.

Marsiana alisogea karibu, akainama kama anaendelea na kazi yake.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini.

"Naam, fundi."

"Hayo unayong'oa ndiyo mpunga."

Kocha akasimamisha mikono. Akatazama alichoshika, akatazama mstari wote aliousafisha nyuma yake, ukiwa na majani yaliyosimama vizuri kabisa.

Mzee Valeriani alikuwa ameshauona. Aliutazama ule mstari usio na mpunga kwa muda mrefu, kama anavyotazama barabara. Kisha akapanda juu ya tuta, akakwangua matope miguuni, akapekua kwenye kuni za kibanda cha shamba mpaka akapata mti ulionyooka. Akaanza kuuchonga kwa panga.

"Dionisi," aliita bila kugeuka. "Hilo jembe lete huku."